Babu, honi imelia

Makambako ni mji wa kupita. Malori ya Tunduma yanapita, mabasi ya Songea yanakata kona na kupita, mbao na viazi vinapakiwa na kupita. Mtoto anayekulia hapo huzoea kutazama vitu vinavyoelekea kwingine. Wengi hutazama malori kwa sababu ndiyo yanayoegeshwa karibu na milango yao. Binti mmoja wa darasa la tano anatazama vichwa vya treni za mizigo. Anavipiga picha kwa simu ya zamani ya mama yake yenye kioo kilichopasuka, na namba zake anaziandika kwenye daftari la mistari alilolifunika kwa gazeti.

Treni ya abiria haimshughulishi. Anachokisubiri ni ile ndefu, inayokuja bila ratiba ambayo mtoto anaweza kuijua, imebeba mbolea, makontena au shaba kutoka Zambia na Congo. Kuna Jumamosi anasubiri kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa nne na hakuna kinachopita zaidi ya mbuzi. Anarudi nyumbani na kusema ilikuwa nzuri.

Anayemsindikiza ni babu yake mzaa mama. Mzee huyu alihamia kwa binti yake miaka mitatu iliyopita, baada ya kufiwa na mkewe. Mwaka 1972 alikuwa kijana wa miaka 18, kibarua kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA iliyokuwa ikipanda kutoka Mlimba, kwenye joto la bonde la Kilombero, kuja Makambako kwenye baridi. Ni kipande cha takriban kilomita 150 tu, lakini ndicho kilichowatoa jasho Wachina, Watanzania na Wazambia kuliko vyote. Reli nzima ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina mahandaki 22, na 18 kati ya hayo yako hapo. Kuna daraja la mto Mpanga lenye nguzo za karibu mita 50 kwenda juu. Yeye alibeba kokoto. Akiulizwa alifanya nini kwenye Reli ya Uhuru hujibu hivyohivyo, "nilibeba kokoto," na hapendi iongezwe chumvi.

Ujenzi ulipomaliza sehemu yao aliingia kwenye mashine za kupasua mbao, akakaa huko zaidi ya miaka 30. Reli ikabaki kuwa kitu cha kutazama kwa mbali. Mpaka mjukuu alipoanza kuuliza maswali.

Maswali yake hayakuwa ya kitoto. Kwa nini kichwa kinachopanda kinanguruma hivi na kinachoshuka kinalia kama feni? Dereva mmoja aliyekuwa akinyoosha miguu stesheni ndiye aliyemjibu, kwa subira ambayo watu wazima wengi hawana. Alimwambia kwamba injini ya dizeli ya kichwa kama hicho haizungushi magurudumu moja kwa moja. Inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, na umeme ndio unaoendesha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Kwenye mteremko, vichwa vingi vya aina hiyo hugeuza kazi: magurudumu ndiyo yanayozungusha mota, mota zinazalisha umeme, na umeme huo unaishia kuwa joto linalopulizwa nje na feni kubwa. Treni inazuiwa bila kuchosha breki za kawaida. Akamfundisha pia kusoma jina la U30C, aina ya vichwa vya muundo wa General Electric ambavyo TAZARA imevitumia tangu miaka ya 1980. Namba 30 ni nguvu farasi 3,000. C ni ekseli tatu kwenye kila seti ya magurudumu, mbele na nyuma. Binti aliandika yote.

Kupiga picha alijifunza mwenyewe, kwa kuharibu. Picha zake za mwanzo ni za mkia wa treni, kwa sababu alichelewa kubonyeza, au ni kivuli cheusi chenye taa moja, kwa sababu alisimama akiangaliana na jua. Sasa anajua jua linatakiwa kuwa mgongoni kwake. Anailaza simu, anachagua taruma moja mbele yake, anaigusa kwenye kioo ili simu isitafutetafute, kisha anangoja pua ya kichwa ifike pale. Hatumii flashi kwa sababu dereva anamulikwa usoni. Asubuhi za Juni na Julai ukungu unalala juu ya reli, na kichwa kilichotoka kupanda kutoka Mlimba kinatokea ndani yake taa kwanza, halafu namba, halafu mwili mzima. Hizo ndizo picha anazozipenda, ingawa wajomba zake waliotumiwa WhatsApp walijibu kwa kidole gumba tu.

Kabla ya yote hayo babu alikwenda kumwona mkuu wa stesheni, akavua kofia, akaeleza kwamba mjukuu wake anapenda kupiga picha treni na wao si watu wabaya. Ni jambo la busara ambalo wazazi wengi hulisahau. Stesheni na madaraja ni maeneo ambayo mtu akionekana na kamera anaweza kuulizwa maswali, na mtoto hawezi kujieleza. Wakaonyeshwa mahali pa kusimama na mahali pasipokanyagwa.

Mama wa mtoto ana steshenari ndogo karibu na stendi. Jumamosi ndiyo siku yake ya vyeti, barua za mikopo na kadi za harusi. Mume ni dereva wa lori, nyumbani huonekana siku mbili na kuondoka. Kwa hiyo mpango ulimfaa kila mtu: mtoto hakai dukani akichezea laminesheni, mzee hakai peke yake ukutani akiota jua. Shangazi mtu alinung'unika kwamba reli si mahali pa mtoto wa kike. Mama akajibu jibu ambalo mzazi yeyote angelitoa: "Si yuko na babu yake?"

Wakati huohuo, ndani ya nyumba, mzee alikuwa anabadilika. Akiulizwa swali anajibu jingine. Binti yake alimwuliza jioni moja, umeme ulipokatika, "Baba, taa iko wapi?" Akajibu, "Saa mbili kasoro." Akiambiwa alete kisu anauliza, "Kitu gani?" Watu wakicheka sebuleni naye anacheka, lakini anachelewa kidogo, akiwa ametazama nyuso kwanza. Alianza kuondoka mezani mapema. Redio aliyokuwa akiisikiliza taarifa ya habari kila usiku aliiacha, akasema siku hizi watangazaji wanaongea kama wanatafuna.

Kwenye kundi la WhatsApp la familia mjadala ulikuwa mfupi. Kaka mkubwa aliye Dar es Salaam aliandika kwamba mzee ameanza kupoteza kumbukumbu, ni umri, na itabidi ifikiriwe mapema habari ya shamba na hati. Wa Mbeya akakubali. Mama wa mtoto hakuandika kitu. Yeye ndiye aliyekuwa akiishi naye, na alikuwa ameshaanza kuamini hivyo pia, isipokuwa jambo moja halikukaa sawa: mtu anayepoteza kumbukumbu, mbona anakumbuka idadi ya mabehewa ya Jumamosi iliyopita?

Simu ndiyo iliyotoa jibu. Usiku mmoja iligoma kupokea picha za mteja kwa sababu memori imejaa, na mama akakaa kitandani kufuta. Picha za treni zilikuwa mamia. Alifuta zilizofifia, akafika kwenye video moja ya sekunde 38 na kuifungua aone kama inafaa kubaki.

Video inaanza na reli tupu na ukungu. Babu anaonekana upande wa kushoto, kwenye njia ya miguu inayokatiza reli, anatembea polepole kuelekea ng'ambo. Honi inalia kwa mbali. Sauti ya mtoto, ya kawaida kabisa, inasema: "Babu, imelia." Mzee anaendelea kutembea. Honi inalia tena, sasa karibu, ndefu. "Babu!" Mzee amesimama kati ya reli mbili akitazama chini, anatafuta pa kukanyaga. Kuanzia hapo hakuna picha ya maana: nyasi, viatu vinavyokimbia, kokoto, kitambaa cha koti la kahawia kikiwa karibu sana na kamera. Halafu mngurumo. Halafu sauti ya mzee, inayocheka: "Ah, mbona leo imekuja kimyakimya?"

Haikuwa imekuja kimyakimya.

Asubuhi mama alimweka mtoto jikoni akamwuliza. Mtoto alinyamaza muda mrefu, akikwangua ukoko wa uji kwenye sufuria. Mwishowe akasema, "Lakini mama, mimi huwa namshika koti."

Huwa. Kiswahili kina njia fupi ya kusema kwamba jambo si la mara moja. Mama aliyemkabidhi mtoto kwa mtu mzima alikuwa, bila kujua, amemkabidhi mtu mzima kwa mtoto wa miaka 11, na mtoto huyo alikuwa ameibeba kazi hiyo kwa miezi bila kumwambia mtu. Hakusema kwa sababu alijua akisema Jumamosi zitakwisha. Hesabu yake haikuwa ya kijinga. Watoto huficha mambo mazito zaidi ya haya kwa sababu kama hiyo.

Ni vizuri kueleza hapa kwa nini reli ni mahali pabaya hasa kwa mtu asiyesikia vizuri. Treni inayokuja ikiwa imekuelekea uso kwa uso haitoi kelele nyingi kama watu wanavyodhani. Mngurumo mkubwa husikika inapokuwa ubavuni mwako au imeshapita. Inayoshuka mteremko injini haikazani. Reli za TAZARA zimeachana milimita 1,067 tu, lakini kichwa chenyewe kina upana wa zaidi ya mita mbili na nusu, maana yake kinatokeza nje ya reli kwa zaidi ya sentimita 70 kila upande. Anayesimama hatua moja tu kutoka kwenye chuma, akidhani yuko nje, bado yuko ndani. Na dereva akikuona, kuona hakutoshi. Treni ya mizigo iliyojaa huhitaji mamia ya mita kusimama, wakati mwingine kilomita nzima na zaidi.

Mama hakupiga marufuku treni siku hiyo. Alimpeleka baba yake kituo cha afya, na safari hiyo ilikuwa na vita vyake. "Masikio yangu hayana tatizo," mzee alisema, "ninyi ndio mnanong'ona." Alikubali kwa sharti kwamba waseme wanakwenda kupima presha.

Daktari aliyempokea aliuliza kazi aliyowahi kufanya. Aliposikia miaka 30 ya misumeno ya mbao alitikisa kichwa, lakini hakuishia hapo. Kelele za miaka mingi huua vinyweleo vidogo vya ndani kabisa ya sikio, ambavyo vikifa havioti tena, na vinavyotangulia kufa ni vile vya sauti nyembamba. Herufi kama s, f, t na sh ziko huko. Irabu ziko chini, kwenye sauti nene, kwa hiyo zinabaki. Mtu anasikia kwamba unaongea, anasikia lafudhi na hata hasira yako, ila taa, saa na kaa kwake ni neno moja. Na kwa kuwa karibu kila silabi ya Kiswahili inaishia kwa irabu, mjanja anaweza kubahatisha kwa miaka bila kugunduliwa, hasa nyumbani ambako maneno ni yaleyale kila siku.

Lakini honi ya treni ni sauti nene, na ni kubwa. Kanuni za Marekani, kwa mfano, zinataka honi ya treni iwe kati ya desibeli 96 na 110 ikipimwa umbali wa mita 30. Misumeno peke yake isingetosha kumzuia mzee kuisikia. Daktari akachukua kifaa chenye taa, akachungulia, akamwita mama naye achungulie. Masikio yote mawili yalikuwa yameziba kwa nta ngumu, nyeusi, iliyosukumwa ndani.

Iliyosukumwa na nini? Mzee alitoa jibu kutoka mfuko wa shati. Kijiti cha kiberiti chenye pamba kidogo kichwani. Alikuwa akijisafisha kila asubuhi, kwa uaminifu mkubwa, na kila asubuhi akiishindilia. Mzazi, kama nyumbani kwako kuna pamba za masikio kwenye kabati la watoto, mambo ni hayohayo. Nta hutoka yenyewe. Ikiziba, kazi ni ya kituo cha afya: matone ya kulainisha kwa siku kadhaa, kisha kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu baada ya kuhakikisha ngoma ya sikio haijatoboka.

Siku nta ilipotoka mzee alikaa kwenye benchi nje ya chumba, akasema miti ina kelele. Upepo tu.

Vipimo vya pili vilifanyika hospitali ya rufaa Mbeya, kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, akiwa amevaa spika masikioni na kubonyeza kitufe kila aliposikia mlio. Mchoro uliotoka ulianza vizuri upande wa kushoto, kwenye sauti nene, halafu ukaporomoka kuelekea kulia. Alionyeshwa. Aliutazama kwa makini akasema huo ni mteremko wa Mlimba, kabisa, hata kona ipo.

Kuhusu kumbukumbu, aliulizwa tena maswali ya tarehe, majina na hesabu, safari hii kwa sauti ya wazi, akitazamwa usoni. Hakukosea mengi. Hilo halina maana kwamba kila mzee anayejibu ovyo ana nta tu masikioni. Wapo ambao kweli akili inadhoofika, na wapo wenye yote mawili. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet, katika ripoti za mwaka 2017, 2020 na 2024, limeuweka upungufu wa usikivu kati ya mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na ambayo familia inaweza kuyafanyia kitu. Ndiyo sababu kusema "ni umri" kabla ya kupima masikio ni kumnyima mzee nafasi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani. Wengi wao wako sebuleni kwa watu, wanacheka wakiwa wamechelewa kidogo.

Mama alipiga picha ule mchoro wa Mbeya na kuutuma kwenye kundi la familia bila maneno. Kaka mkubwa alipiga simu badala ya kuandika, na habari ya hati haikurudi. Wakachangishana kifaa cha kusaidia kusikia cha sikio la kulia. Mzee alikichukia kwa wiki mbili. Kinaokota kila kitu, alisema, vijiko, mvua kwenye bati, viazi vinavyokaangwa. Alikiacha mfukoni hadi mjukuu alipoanza kukataa kumjibu kama hajakivaa, na ni mjukuu pekee anayeweza kumfanyia babu jambo hilo bila kuonekana hana adabu.

Zilibaki Jumamosi. Hapa mama alikuwa na njia rahisi, nayo ni kukataza. Jirani zake wote walimshauri hivyo. Kukataza kungemwondoa mtoto kwenye reli, hilo ni kweli, na pia kungemfundisha kwamba siku aliyosema ukweli ndiyo siku aliyonyang'anywa. Mama alichagua njia inayogharimu. Anafungua steshenari saa nne na nusu siku ya Jumamosi. Wateja wa mapema sasa wanakwenda kwa jirani, na baadhi yao hawajarudi.

Wanasimama mahali papya, kwenye mwinuko kidogo ambapo reli inaonekana pande zote mbili na hakuna sababu ya kuivuka. Mtoto alilalamika kwamba kutoka pale kichwa kinaonekana kidogo. Baadaye akagundua kuwa kwa mbali treni nzima inaingia kwenye picha, kona na mabehewa yote. Hakuna anayekwenda ng'ambo kutafuta jua. Jua likiwa upande mbaya, picha inakuwa mbaya. Wanasimama upande ambao upepo unatoka, kwa sababu moshi wa dizeli si wa kuvutwa: shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka mwaka 2012 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Umbali unasaidia na masikio ya mtoto pia, maana hawezi kuziba masikio na kushika simu kwa wakati mmoja. Hayo masikio yake, kwa kweli, hatari kubwa zaidi iko kwenye spika ndogo za simu anazovaa usiku. WHO inashauri mtoto asizidi desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, na hakuna mtoto mwenye kipimo hicho chumbani. Mama aliweka kikomo cha sauti kwenye simu. Mtoto akakiondoa. Mama akakirudisha. Hilo bado linaendelea.

Kazi ya kusikiliza honi si ya mtoto tena, ingawa yeye bado ndiye anayeisikia wa kwanza. Akisema "imelia," mama anatazama upande mmoja, mzee anatazama mwingine. Mzee sasa mara nyingi anaisikia ya pili. Hawezi kusema inatokea upande gani, kwa sababu sikio moja limesaidiwa na jingine bado, na kujua upande kunahitaji mawili. Hilo daktari aliwaonya mapema. Kwa hiyo hatembei peke yake karibu na reli, kifaa au bila kifaa. Alipoambiwa hivyo alinuna hadi jioni, kisha akaomba apewe kazi. Akapewa kuhesabu mabehewa. Mtoto anasoma namba ya kichwa kwa sauti, mzee anairudia, mama anaiandika. Mara ya kwanza mzee aliirudia bila kukosea mtoto alimtazama mama yake, mama akajifanya anatafuta kalamu.

Mwezi uliopita yule dereva aliyewahi kumfundisha habari za U30C alipita. Treni ilikuwa imesimama stesheni kungoja njia, akashuka, akauliza kama zile picha huwa anazifanya nini. Mtoto akamwonyesha moja: kichwa kinatoka kwenye ukungu, na dirishani kuna mkono na nusu ya uso. Dereva aliivuta kwa vidole viwili, akaikuza, akatazama mpaka simu ikazima kioo. Akasema ana miaka mingi kwenye kazi hii na nyumbani kwake hawajawahi kumwona akiwa kazini. Angeweza kuipata?

Steshenari ilifunguliwa saa tano siku hiyo. Mama aliichapa kwenye karatasi ya A4, rangi, akailamineti, na mtoto akaandika nyuma tarehe, namba ya kichwa na idadi ya mabehewa aliyohesabu babu, 23. Ipo kwa mkuu wa stesheni, ndani ya bahasha ya kaki. Inamngoja dereva apite tena, na ratiba ya treni za mizigo inajulikana ilivyo.